Picha mbele ya Burj Khalifa si dhamana

Mjini Butembo na mjini Beni kuna barua ya utambulisho isiyogongwa muhuri na ofisi yoyote. Ni picha. Mtu anasimama mbele ya Burj Khalifa kule Dubai, chini ya mnara wa Eiffel mjini Paris, au kwenye Ukuta wa Magharibi mjini Yerusalemu, kisha anaiweka Facebook na kwenye statusi ya WhatsApp. Haichukui siku nyingi anaanza kuitwa bosi, kocha au mtumishi wa Mungu wa kimataifa. Halafu linafunguliwa kundi la WhatsApp lenye kazi za Dubai, biashara ya kripto au bidhaa za kuagiza China. Watu wanajiunga, na pesa zinaanza kutumwa kwa simu.

Picha ile imethibitisha nini? Imethibitisha kwamba mtu huyo alisimama mahali pale siku ile, basi. Burj Khalifa ina urefu wa mita 828 na imekuwa wazi kwa wageni tangu Januari 2010. Kupanda juu kuna tiketi, lakini kusimama nje na kupiga picha hakulipiwi. Mfanyabiashara mwenye mali, kibarua anayelala chumba kimoja na wenzake wanane, na tapeli anayesaka wateja, wote watatu wanarudi na picha ile ile. Na siku hizi hata tiketi ya ndege si lazima. Kwa programu za akili mnemba, mtu anaweza "kufika" Dubai bila kutoka komuni ya Mususa au ya Mulekera.

Wapo watakaosema wanaodanganywa ni wajinga. Hilo si kweli. Nguvu ya picha hizi inatoka kwa yule asiyeweza kufika pale palipopigwa. Mstari wa ikweta unaikata barabara ya taifa namba 2 kusini mwa Butembo, kwenye njia ya kwenda Lubero. Hakuna aliyewahi kukopeshwa hata franga 1,000 kwa kuonyesha picha yake pale, kwa sababu kila dereva na kila mama muuza mboga amepita hapo. Lakini picha ya mnara wa ikweta wa Kayabwe, kule Uganda kwenye barabara ya Kampala na Masaka, hupandishwa mitandaoni kwa fahari. Mstari ni ule ule mmoja. Kinachobadilika ni kwamba kuufikia upande wa pili kunadai pasipoti, nauli na mpaka wa Kasindi.

Ndiyo maana picha hizi zina nguvu zaidi katika sehemu hii ya Kivu Kaskazini. Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa Beni na vijiji vyake wanaishi na mauaji yanayodaiwa kufanywa na waasi wa ADF. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, njia ya kwenda mji mkuu wa jimbo haiko tena kama ilivyokuwa, na utawala wa jimbo umehamia Beni. Kijana ambaye hawezi kwenda shamba la baba yake bila hofu, akimwona mwenzake wa mtaa mmoja akitabasamu chini ya jengo refu kuliko yote duniani, hatafuti kosa kwenye picha. Anatafuta mlango wa kutokea.

Na anayetafuta mlango huja na pesa. Hizo si pesa za mchezo. Ni akiba ya kikundi cha AVEC, zamu ya likelemba, mauzo ya pikipiki ya kubebea abiria, au kipande cha shamba kilichobaki baada ya familia kukimbia. Ni pesa za kakao pia. Mwaka 2024 bei ya kakao ilipita dola 10,000 kwa tani kwenye soko la New York, na ingawa mkulima wa Mbau, Mutwanga au Watalinga hakuipata bei hiyo yote, alishika noti ambazo hakuwa amezizoea. Kuna waliochuma kakao hiyo wakisikia risasi. Pesa iliyopatikana kwa hatari hivyo isipotee kwa sababu ya picha iliyopigwa kwa dakika moja.

Ajabu ni kwamba Butembo ndio mji ambao ungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika kwa safari. Mji huu ulijengwa na wasafiri. Katika miaka ya 1990, wakati serikali ya Zaire ilipodhoofika na baadaye vita vilipoanza, wafanyabiashara wake walikuwa wakifika Dubai na Hong Kong, na baadaye Guangzhou, na kuleta mali kupitia Mombasa, Kampala na Kasindi. Mtafiti Mkongomani Patience Kabamba aliandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka mwaka 2013, akieleza jinsi uaminifu kati ya wafanyabiashara Wanande ulivyofanya kazi mahali ambapo benki na mahakama hazikufanya.

Uaminifu huo ulikuwa na kanuni ngumu. Mtu aliweza kupewa pesa za wenzake asafiri nazo kwa niaba yao, bila karatasi nyingi. Lakini hakupewa kwa sababu alikuwa amefika Dubai. Alipewa kwa sababu safari iliyotangulia alirudi, kontena likafika, mali ikagawanywa sawa na deni likalipwa. Asiyelipa hakufungiwa duka moja tu, alifungiwa mji mzima, na jina la familia yake likaharibika sokoni. Safari ilikuwa gharama ya biashara. Ushahidi ulikuwa kile kilichoshushwa kwenye lori.

Leo mambo yamegeuzwa. Picha ndiyo inayorudi, na mali haionekani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Siku hizi njia hiyo imerefushwa, inafika mpaka Dubai na kurudi, na inachukua muda mrefu zaidi kabla mwongo hajakutwa mwishoni mwake.

Hili si jambo la Butembo na Beni peke yao. Mwezi Juni 2016, mwanamke aitwaye Ruja Ignatova alipanda jukwaani kwenye ukumbi maarufu wa Wembley Arena mjini London, mbele ya maelfu ya watu, akisifu sarafu ya kidijitali ya OneCoin. Ukumbi ulikuwa wa kweli, na taa na umati pia. Sarafu ndiyo haikuwepo. Oktoba 2017 mwanamke huyo akatoweka, na waendesha mashtaka wa Marekani wanasema watu walipoteza zaidi ya dola bilioni 4. Mshirika wake alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2023. Waandishi wa BBC waliofuatilia kisa hicho walikuta wahanga mpaka Uganda, ng'ambo ya mpaka tu. Ukumbi maarufu hukodishwa kwa yeyote mwenye pesa. Haumchunguzi anayeukodi.

Wazee hawahitaji kwenda London kutafuta mfano. Wanaikumbuka Bindo ya Kinshasa ya mwaka 1990 na 1991, ambapo watu waliweka pesa wakiahidiwa kurudishiwa mara kadhaa, mpaka mfumo ukaporomoka na akiba za familia zikazama nao. Wakati huo kishawishi kilikuwa foleni ya watu mlangoni. Sasa kishawishi ni mnara nyuma ya bega.

Hata hivyo, kusafiri si kosa, na kupiga picha si utapeli. Kijana wa Beni akifika Paris ana haki ya kufurahi na kuwaonyesha wenzake, hasa akitoka mahali ambapo habari nyingi ni za misiba. Wapo pia wafanyabiashara wanaotumia simu vizuri. Akiwa Guangzhou, mtu anaonyesha duka, bidhaa, bei na vipimo, na mteja aliye Butembo anachagua akiona. Picha hiyo ina kazi, kwa sababu mteja anaweza kuilinganisha na mzigo utakapofika. Picha ya mnara haina cha kulinganishwa nacho.

Kipimo hicho hicho kiwaguse na wengine. Mpasta anayeitangaza huduma yake kwa picha za Yerusalemu aulizwe ni wagonjwa na wajane wangapi aliowatembelea mtaani kwake. Mtetezi anayepiga picha mbele ya Umoja wa Mataifa mjini Geneva au New York kwa jina la wahanga wa Beni awaeleze wahanga hao alisema nini kule, alijibiwa nini, na pesa za safari zilitoka wapi. Hapo napo kuna kitu kinachopaswa kurudi. Ripoti irudi, hata kama habari yenyewe si nzuri.

Kwa anayetaka kutuma pesa leo, maswali si mengi. Kampuni imeandikishwa kwenye rejista ya biashara, na namba yake ni ipi? Shirikisho la wafanyabiashara FEC hapa mjini linaifahamu? Ofisi iko mtaa gani, na nani atakuwepo kesho? Ni mteja gani wa hapa, mwenye uso na jina, aliyepokea alichoahidiwa? Kwa kazi za Dubai kuna swali moja zaidi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, inayotumika tangu Februari 2022, inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Basi yule anayedai mamia ya dola "ya mkataba" kabla ya kazi yoyote, anatumia sheria ya nchi gani? Na viza ya utalii si kibali cha kazi, hata iambatane na picha nzuri namna gani.

Wenye mamlaka nao wasingoje wahanga wajae kwenye ofisi za polisi. Serikali za miji ya Butembo na Beni zinaweza kutoza kodi kila duka la kuuza mkaa, basi zinaweza pia kumwita anayekusanya pesa za watu kupitia simu na kumtaka aonyeshe karatasi zake. Redio za hapa, ambazo mama shambani huzisikia kuliko anavyoiona Facebook, zinaweza kuyasoma maswali hayo kila wiki katika Kiswahili na Kinande.

Lakini ulinzi wa kwanza uko kwenye kanuni ya zamani ya soko la Butembo, na haihitaji mega wala pasipoti. Mtu akirudi kutoka mbali, apokewe, apewe pole na safari, asikilizwe. Kisha, kabla ya mtu yeyote kufungua M-Pesa au Airtel Money, aulizwe amerudi na nini, na ni nani wa hapa aliyekipokea.