Tunaokumbuka Kwetu Tusikae Mjini Kama Abiria



Lipo jambo moja ambalo halipewi nafasi katika mikutano yetu, ingawa karibu kila nyumba ya jiji la Dar es Salaam inalo. Ni majonzi ya mtu aliyeacha kwao akaja mjini, akapata kazi au biashara ndogo, akapanga chumba, akazaa na kusomesha, na ambaye hata baada ya miaka ishirini moyo wake bado haujafika. Akiulizwa anakaa wapi, hutaja Mbagala au Tandale. Akiulizwa kwao ni wapi, hutaja Mbinga, Kasulu, Ukerewe au Same. Majibu hayo mawili tumeyazoea hata hatuoni tena kwamba kati yake pana ufa, na kwamba katika ufa huo hupotea haki za watu wengi.

Katika makala haya nitachukua mfano wa watu wa Umatengo, katika milima ya Mbinga mkoani Ruvuma. Kila msomaji ataweza kuyapima yasemwayo hapa kwa mizani ya kwao.

Hamu ya kwao si utoto

Wapo wasemao kwamba kukumbuka nyumbani ni udhaifu wa mgeni aliyefika juzi, na kwamba mtu akishazoea daladala na joto, jambo hilo humtoka. Sivyo. Hamu hii ni ya zamani katika nchi yetu, na walioibeba hawakuwa watoto. Wakati wa ukoloni wanaume wengi wa kusini waliandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga, na mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi maalumu ya kuwatafuta vibarua hao. Watu waliwaita manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Mtu aliyeitwa kwa namba alikuwa na sababu ya kukumbuka mahali alipoitwa kwa jina la baba yake.

Leo hakuna anayetugawia namba. Hata hivyo wapo wakaao miaka mitano katika nyumba moja ya kupanga, na jirani wa chumba cha pili asijue majina yao, wanajulikana tu kuwa ni “yule wa chumba cha uani.” Mtu wa namna hiyo anapokumbuka kwao, hakumbuki tu baridi ya mwezi wa saba na harufu ya maua ya kahawa. Anakumbuka kujulikana. Hitaji hilo ni halali kama hitaji la chakula, na mji usiolitosheleza umempunja mtu kitu kilicho haki yake.

Kwa nini waliondoka

Lakini tusiipake nyumbani rangi isiyo yake. Kama Mbinga pangekuwa na yote, hakuna ambaye angepanda basi la kwenda kilomita zaidi ya 900 ili akalale wanne katika chumba kimoja.

Umatengo ni nchi ya kahawa. Mwaka 1989 mpango wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya kuuza kahawa nje ulivunjika, na bei ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 biashara ya kahawa nchini ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, huku vyama vikuu vya ushirika vikizama katika madeni. Mkulima aliyekuwa akipata mbolea na dawa kwa mkopo wa ushirika akaachwa peke yake mbele ya mnunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ikashuka tena, kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi. Katika nyumba nyingi ada ya shule ilitegemea mti huo mmoja. Mti uliposhindwa kulipa, kijana alifunga mzigo.

Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilikuwa limekwisha kuonya kwamba miji hujengwa kwa fedha ambazo mwishowe hulipwa na mazao ya wakulima, na kwamba mji unaweza kuwa mnyonyaji wa kijiji. Onyo hilo lingali na uzito wake. Kijana wa Mbinga hakuja Dar es Salaam kwa kupenda taa za barabarani. Aliifuata fedha ya kahawa, ambayo ilikuwa imemtangulia kufika mjini.

Nao mji umejaa. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu wapatao milioni 1.36 mkoani Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 5.38. Si wote waliohamia, maana wengi wamezaliwa hapa; lakini nyuma ya karibu kila mtoto wa jiji yuko mzazi au babu aliyeshuka kwenye basi, treni au jahazi.

Wapo waliodhani dawa ni kuwarudisha watu walikotoka. Kwa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 watu walikamatwa mijini kwa kuitwa wazururaji, wakapelekwa vijijini. Wengi walirudi mjini upesi, kwa kuwa kilichowaondoa kijijini kilikuwa bado kiko palepale. Hakuna askari anayeweza kumrejesha mtu nyumbani; kinachoweza ni bei ya haki, zahanati yenye dawa na shule yenye walimu.

Tunachokumbuka hasa

Sasa tujiulize: mtu wa Umatengo akumbukapo kwao, anakumbuka nini hasa? Mwenye kujua milima ile atajibu: anakumbuka ngoro.

Ngoro ni namna ya kilimo ambayo Wamatengo wameitumia kwa vizazi vingi katika miteremko mikali. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa kati ya mistari na kufunikia nyasi hizo. Hapo mlima wote hujaa matuta yenye umbo la mraba na mashimo katikati. Nyasi huoza na kuwa mbolea. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Mvua inyeshapo, mashimo huyashika maji, nayo yakashindwa kuporomoka na kubeba udongo.

Ndani ya kazi hiyo mna fundisho la ujirani. Mlima ni mmoja, na maji hayajui mpaka wa shamba. Mwenye shamba la juu akizembea mashimo yake, maji yatamharibia aliye chini. Kwa hiyo uzembe wa jirani hauwi siri yake, na bidii yake haiwi faida yake peke yake. Hilo ndilo tunalolikosa mjini: mpangilio wa maisha ambamo jirani ana haki ya kukuuliza, nawe una haki ya kumwuliza.

Hebu sasa tumtazame mtu huyohuyo akiwa Dar es Salaam. Mbele ya nyumba anayopanga pana mtaro wa maji ya mvua uliozibwa kwa taka. Kila masika maji hupanda hadi mlangoni, na anajua yatakwenda kumwingilia jirani wa bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mtoto wa watu wa ngoro anayaelewa maji kuliko wengi wetu. Lakini autazamapo mtaro ule, husema: “Hapa si kwetu. Mimi napita tu.” Hapo hamu ya nyumbani, iliyokuwa jambo jema, imegeuka kuwa hasara.

“Napita tu”

Ndugu msomaji, maneno hayo mawili ni ghali. Anayepita tu hadai mkataba wa maandishi wa chumba, ingawa amelipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Hadai risiti. Haendi kwenye kikao cha wazazi shuleni. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, anaona ni wa wenye nyumba. Viongozi wa mitaa huchaguliwa kila baada ya miaka 5, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Kura hiyo ni ya kila raia mkazi wa mtaa aliyetimiza miaka 18, awe na nyumba au awe mpangaji. Yapo malalamiko mengi juu ya namna chaguzi hizo zinavyoendeshwa, nayo yanastahili kujibiwa. Lakini nani atayasemea, ikiwa nusu ya mtaa hujihesabu kuwa abiria wanaongojea basi? Mji wa abiria huongozwa na wachache wanaojua kwamba abiria hawaulizi.

Kuna na watoto. Mtoto aliyezaliwa Temeke hakijui Kimatengo, na milima ya Mbinga ameiona mara moja au mbili. Kwake yeye, kwao ni Temeke. Mzazi amwambiapo kila siku kwamba hapa si kwao, anamrithisha hamu ya mahali asipopajua, na kumnyima mahali anapopajua. Mtoto huyo atakuwa mgeni pande zote mbili.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaitumia kuwacheka wageni wavivu. Tungefaa kujisemea wenyewe. Siku ya tatu yetu mjini imekwisha pita zamani. Jembe liko wapi?

Vyama vya watu wa kwetu

Atasema mtu: “Sisi tunacho chama chetu cha watu wa nyumbani. Tunachangiana, tunazikana.” Jambo hilo ni jema, wala silidharau. Vyama hivyo vimewasafirisha marehemu wengi hadi makaburi ya wazee wao, na vimewapokea vijana wengi wasio na pa kulala. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtoto akiugua usiku wa manane, mwanachama mwenzako wa Gongo la Mboto hatafika kabla ya jirani wa ukuta mmoja, hata kama jirani huyo ni Mhaya, Mmakonde au Mpemba.

Tena wazee wetu walikuwa na njia ya kumpokea mgeni bila kumfuta ukabila wake: utani. Misafara na vita vya karne ya 19 viliwakutanisha watu wa mbali, nao wakafanya urafiki wa matani uliokuwa na wajibu ndani yake. Mtani alikutania wakati wa raha, na siku ya msiba alikuja kushika jembe la kaburi. Aliyekuwa safarini hakukosa mtu wa kumzika. Utani haukusema, “Sahau kwenu.” Ulisema, “Najua kwenu, na hapa pia unaye mtu.”

Nabii Yeremia naye, alipowaandikia wenzake waliopelekwa Babeli, aliwashauri wajenge nyumba, wapande bustani, na wautafutie amani mji ule waliomo, maana katika amani yake wangepata amani yao. Wale walikuwa mateka, na mji ulikuwa wa adui. Sisi je, ambao mji huu ni wa nchi yetu wenyewe?

Yatupasayo kutenda

Simwambii mtu asahau kwao. Mwacha asili ni mtumwa. Aendelee kumtumia mama yake fedha, na apeleke watoto wakawaone babu na bibi. Zaidi ya hayo, aitumie sauti aliyoipata mjini kuuliza juu ya bei ya kahawa na dawa za zahanati, ili mdogo wake asilazimike kumfuata bila kupenda. Kuhama kwa hiari ni haki ya mtu. Kufukuzwa na umaskini si hiari.

Lakini yale anayoyakumbuka, ayatende hapa. Kama kwao mtu alisalimiwa kwa jina, ajifunze majina ya wote waliomo katika nyumba yake. Kama kwao shamba la jirani lilimhusu, mtaro wa mtaa nao umhusu. Kama kwao hakuna aliyezikwa peke yake, apeleke mkono wake kwenye msiba wa chumba cha pili kabla hajauliza marehemu ni wa kabila gani. Nasi viongozi wa walei, tuhakikishe kwamba mpangaji aliyehamia mwezi uliopita anajua mwenyekiti wa mtaa ni nani, mkutano ni lini, na risiti yake adai vipi.

Hamu ya nyumbani ni kipimo tulichopewa na waliotulea. Inatuonyesha mji umepungukiwa na nini. Tukiitumia kwa kulia tu, itatuzeesha. Tukiitumia kwa kupimia na kudai, itaujenga mji huu.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni wapangaji wangapi tunaowajua kwa majina? Waliohamia mwaka huu walipokewa na nani?

2. Ni desturi gani moja ya kwetu ambayo tungeweza kuianzisha hapa tulipo, pamoja na majirani wa makabila na dini nyingine?

3. Ni nani kati yetu aliyehudhuria mkutano wa mtaa uliopita? Tuliouacha, tuliuacha kwa sababu gani?

4. Ni sababu zipi zinazowaondoa vijana katika vijiji vyetu vya asili, na sisi tulio mjini tunaweza kumwuliza nani juu yake?