Redio ya Angani na Redio ya Nyumbani



Muhula uliopita, katika mdahalo wetu wa Ijumaa usiku, ilitolewa hoja kwamba redio ya kawaida imekwisha kazi yake, na yafaa iiachie nafasi redio ya satelaiti. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tano aliyeunga mkono hoja hiyo alitusomea barua ya mjomba wake, ambaye alisoma katika shule hii hii na sasa ni dereva wa lori huko Marekani. Mjomba asema kwamba hulipa ada kila mwezi, na kwa ada hiyo husikiliza nyimbo za Jim Reeves, zile alizozijua kwanza alipokuwa mvulana hapa, tangu anapotoka New Jersey mpaka anapofika Texas, bila sauti kukatika ila akipita ndani ya handaki. Ukumbi ulipiga makofi mno. Mimi nilikuwa msemaji wa nne wa upande wa pili, na kengele ya kulala ililia kabla ya zamu yangu. Basi nimemwomba Bwana Mhariri anipe nafasi hapa.

Kwanza nakiri kwamba mjomba yule hakusema uwongo. Redio ya kawaida ya FM husikika kilomita 100 hivi kutoka kwenye mlingoti wake, kisha hufifia na nyingine huingia juu yake. Satelaiti iko juu sana, nayo huona nchi nzima kwa mara moja, kama mchungaji aliye kilimani aonavyo ng'ombe wake wote. Marekani kampuni ya XM ilianza kutangaza kwa njia hiyo mwaka 2001, na Sirius mwaka 2002, na mwaka 2008 zikaungana kuwa kampuni moja. Watu zaidi ya milioni 30 huilipia. Tena mpenda nyimbo za zamani hupewa huko kitu ambacho sisi hatujakiona: idhaa nzima ya nyimbo za miaka ya 1960, nyingine ya miaka ya 1970, nyingine ya miaka ya 1980, usiku na mchana. Si saa moja kwa juma kama sisi.

Lakini labda wenzangu hawajui kwamba katika jambo hili Afrika iliitangulia Marekani. Tarehe 28 Oktoba 1998 satelaiti iitwayo AfriStar ilirushwa kutoka Kourou, Amerika ya Kusini, ikawekwa juu ya Ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini. Aliyeianzisha kampuni yake, WorldSpace, ni Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa, na nia yake ya kwanza ilikuwa kuwapelekea Waafrika habari za elimu na afya, hasa habari za UKIMWI. Matangazo yalianza mwaka 1999. Wakati ule hata hao XM walikuwa hawajarusha satelaiti yao.

Baba yangu mdogo alikuwa nayo redio hiyo. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, basi nasimulia niliyosimuliwa. Redio yenyewe ilikuwa na kibamba kidogo cha kunasia mawimbi, na ilikuwa sharti kibamba hicho kiione satelaiti kwa macho yake, kama tusemavyo. Chini ya mabati hakipati kitu. Na kwa kuwa sisi hapa Uganda tuko karibu kabisa na Ikweta, satelaiti ilikuwa karibu utosini, imeegemea magharibi kidogo tu. Kwa hiyo kukiweka dirishani hakukufaa. Baba mdogo alikiweka uani juu ya gogo, nao mwembe wetu ukawa ndio adui yake. Kila mwaka matawi yalipozidi, Franco alinyamaza katikati ya wimbo. Baba mdogo alikata tawi moja, kisha la pili. Bibi akamwambia kwamba akikata la tatu atafute embe kwenye redio yake.

Alikuwa haachi kuisifu. Palikuwa na idhaa moja iitwayo Ngoma, ya muziki wa Afrika mtupu. Kabla ya hapo yeye alijua nyimbo za Kongo na za Nairobi tu. Kwa idhaa ile alijua kwamba Guinea kuna Bembeya Jazz, na kwamba Mali wapo wapiga gitaa wa kumshangaza mtu. Sauti ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Baadaye idhaa nyingi zikawa za kulipiwa ada. Mwaka 2008 kampuni ikafilisika, na haikuchukua muda mrefu sauti zikakoma Afrika nzima.

Redio ile ingali nzima kabatini. Ukiitia umeme taa yake huwaka, nayo hutafuta, hutafuta, isipate kitu. Baba mdogo hana manung'uniko. Asema alikula raha yake. Swali ni langu mimi. Siku zile idhaa zilipokuwa zikinyamaza moja moja, mtu wa kijijini kwetu aliyetaka kuuliza sababu angekwenda mlango gani? Makao makuu yalikuwa Marekani. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa mdahalo. Wao walishindanisha sauti na idadi ya nyimbo, na kwa hayo mawili redio ya nyumbani imeshindwa, sina haja ya kubisha. Mimi natazama ni redio ipi mpenda nyimbo za zamani anaweza kuikemea ikamsikia.

Nami sisemi kwamba redio zetu ni njema. Tangu mwaka 1993, stesheni za kwanza za watu binafsi zilipofunguliwa Kampala, zimezaliwa nyingi katika kila upande wa nchi, na mzee akizungusha kitufe jioni hukuta kelele za mpira, kamari na vijana wanaocheka wenyewe kwa wenyewe. Katika wilaya yetu iko stesheni moja, sitaitaja, iliyokuwa na kipindi cha nyimbo za zamani kila Jumapili kuanzia saa mbili usiku mpaka saa tatu. Nyimbo zilikuwa zile zile kumi na mbili. Mtangazaji aliongea juu ya mwanzo wa wimbo, na juu ya mwisho wake pia, na wakati mwingine katikati alituuzia sabuni.

Hata hivyo babu yangu hakukosa kipindi hicho. Yeye alifanya kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki mpaka lilipovunjika mwaka 1977, na miaka mingi alikaa Nakuru. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, na huko ndiko alikozipata nyimbo za Daudi Kabaka na Fadhili William. Sasa macho yake yameharibika, hasomi tena. Jumapili moja mtangazaji alipiga wimbo wa Daudi Kabaka, akasema ni wa Fadhili William. Babu akatikisa kichwa. Akaniambia, “Mjukuu wangu, mpigie simu kijana huyo.” Nikapiga mara saba, mara ya saba ikaitikiwa, nikampa babu simu. Alisahihisha kosa kwa upole, kisha akaeleza alivyokwenda dansini Nakuru, na jinsi alivyorudi kwa miguu usiku kwa kuwa nauli ilikwisha mlangoni. Kijiji kizima kilimsikia. Siku ya pili yake mzee mmoja ambaye hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba alikuja nyumbani kuuliza kama dansi lile lilikuwa la mwaka ule ule naye alipokuwa huko. Wakaketi mpaka jioni.

Mwaka jana kipindi kikaondolewa, na mahali pake pakawekwa matokeo ya mpira wa Uingereza. Hatukuambiwa kitu. Babu aliwasha redio saa mbili, akadhani amekosea stesheni, akanitaka nimtafutie. Nilipomwambia, alinyamaza mpaka wakati wa kulala.

Wazee sita wa kwetu walikwenda stesheni kwa miguu. Babu alikwenda amenishika bega. Meneja aliwapokea vizuri, akawapa viti na soda, kisha akawaeleza kwamba wenye biashara hutaka vijana, maana wazee hawanunui kitu. Mmoja wao, fundi seremala mstaafu, akamwuliza, “Bwana, katika mji huu nani anunuaye mabati na saruji? Ni sisi, au ni hawa wanaotazama mpira kwa kuazima kiti?” Meneja alicheka. Naona kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Baada ya majuma matatu kipindi kilirudi, lakini ni nusu saa, tena ni saa tatu usiku, wazee wengi wakiwa wamekwisha lala.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya redio maskini. New York kuna stesheni iitwayo WCBS-FM, iliyosifika miaka mingi kwa nyimbo za zamani. Tarehe 3 Juni 2005 iliziacha ghafla, ikageukia mtindo mwingine. Wasikilizaji walilalamika sana na wengi wakaiacha. Julai 2007 nyimbo zikarudishwa. Wenye stesheni wale walikuwa matajiri, na bado ilibidi waisikie sauti ya mji wao.

Wapo watakaosema kwamba simu imezimaliza redio zote mbili, na kwamba kila wimbo uko kwenye mtandao. Sawa, ila simu humpa mtu wimbo ambao tayari anajua kuuomba. Babu hajui majina ya nusu ya nyimbo azipendazo. Anajua tu kwamba ukianza gitaa lile, alikuwa amesimama mahali fulani. Na fedha za kulipia mtandao saa nzima kila juma hana.

Neno langu la mwisho ni kwa ninyi mliomaliza shule zamani. Kama nyumbani kwenu ziko santuri, msiziache zikaliwa na panya chini ya kitanda. Stesheni za wilaya hurudia nyimbo kumi na mbili kwa kuwa mara nyingi ndizo walizo nazo. Zipelekeni zikanakiliwe. Lakini andikeni majina yenu juu yake, na mwombe stakabadhi. Babu alipeleka nne mwezi wa Januari, zile ndogo za mizunguko 45, akanakiliwa zote, zikarudi tatu. Ya nne, asema mtangazaji, ingali inatafutwa. Babu humwuliza habari zake kila Jumapili saa tatu na robo, kwa simu, hewani, na wilaya nzima ikisikiliza.