Furu wa Mwanza wafugwe Mwanza

Mwaka 1985 Els Witte-Maas na Frans Witte, wanasayansi wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya utafiti Mwanza, walimpa furu mmoja anayeishi kwenye mawe ya ziwa letu jina la Mwalimu Nyerere. Dume lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi, na katika samaki wa maji baridi ni wachache wanaomshinda kwa urembo. Leo samaki huyo anafugwa na kuzaliana katika matangi ya kioo ya watu binafsi Ulaya na Marekani, baadhi yao wakiwa wamejitengenezea vichujio kwa mikono yao wenyewe. Mtoto wa Igogo au Kirumba, anayeamka akiliona ziwa, ana nafasi ndogo sana ya kumwona samaki huyo akiwa hai. Jambo hilo linaweza kurekebishwa bila mfadhili wala kontena kutoka nje. Mwanza iwe na matangi ya kudumu ya furu, na vichujio pamoja na stendi zake vitengenezwe na mafundi wa hapa hapa.

Kwa nini furu? Uchunguzi wa nyavu za kukokota mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970 ulionyesha kuwa takribani asilimia 80 ya uzito wa samaki wa Ziwa Victoria walikuwa furu. Walikuwa wengi kiasi kwamba Mwanza ilikuwa na kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Walikuwa zaidi ya aina 500, kila moja na namna yake ya kula: wanaokwangua mwani, wanaovunja konokono, wanaowinda samaki wenzao, hata wanaonyonya mayai kutoka vinywani mwa majike. Kundi la Chuo Kikuu cha Leiden lililoanza kazi hapa mwaka 1977 lilikuwa bado linawahesabu furu hao idadi ya sangara ilipopanda. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akatulia kwa muda, kisha katika miaka ya 1980 akazagaa Ghuba ya Mwanza na furu wa maji ya wazi wakapukutika mbele ya macho ya watafiti. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka au zilibaki ukingoni mwa kutoweka. Baadhi zilirudi miaka ya 1990 uvuvi ulipompunguza sangara, lakini zilirudi kwenye maji mengine, yenye tope na mwani mwingi kuliko yale ya awali. Tope hilo si suala la sura ya maji tu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba jike la furu humchagua dume kwa rangi, na maji yakichafuka kiasi cha kuficha wekundu na ubuluu, aina mbili huanza kuchanganyika na kuwa moja. Furu, basi, anaweza kupotea bila hata kuliwa.

Atakayesema kuhifadhi mnyama ndani ya kisanduku cha kioo ni mchezo wa Wazungu akumbuke maporomoko ya Mto Kihansi. Chura mdogo wa maporomoko yale aligunduliwa mwaka 1996. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, makazi yake yenye ukungu yakakauka, na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa hayupo tena porini. Mwaka 2010 wazao wa wale vyura walirejeshwa na kutunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamewekwa kuchukua nafasi ya ukungu. Taifa hili, kwa hiyo, linajua kutunza kiumbe ndani ya boksi hadi kwake kutengenezwe. Tulichokosa kwa furu ni boksi lililoko kwetu.

Boksi lenyewe halina muujiza. Tangi la samaki hukaa juu ya stendi. Karibu na ukingo wake kuna tundu linalopokea maji yanayofurika, nayo hushuka yenyewe kwa bomba la plastiki hadi tangi la pili lililo chini, ambalo wafugaji huliita sampu. Humo hupita kwanza kwenye sponji linalonasa kinyesi na mabaki ya chakula, kisha kwenye chumba kilichojazwa changarawe, vipande vya tofali la kuchoma au hata vifuniko vya chupa, na mwisho hukuta pampu ndogo inayoyarudisha juu. Kazi kubwa hufanyika chumba cha katikati. Samaki hutoa amonia, na ikijikusanya huwaua. Bakteria wanaoota juu ya changarawe huigeuza kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Bakteria hao hawana haja ya kununuliwa. Huja wenyewe wakipata pa kushika, oksijeni na muda, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Mpangilio huu ndio unaotegemewa na wafugaji wa matumbawe, ambao viumbe wao hawavumilii uchafu hata kidogo. Wao hulazimika kuongeza chumvi na taa kali, na wa nchi za baridi hupasha maji joto mwaka mzima. Hapa ziwa lenyewe huwa kati ya nyuzi 23 na 27 hivi, na chumba cha kawaida cha Mwanza hakiko mbali na hapo.

Stendi ndiyo inayotisha wasiojua, na ndiyo inayoonyesha kwa nini fundi wa Nyakato anatosha. Tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 60 linabeba lita 360, yaani kilo 360 za maji matupu. Ukiongeza kioo na mawe unakaribia nusu tani. Fundi anayechomelea minara ya kubebea matangi ya plastiki ya lita 1,000 ameshabeba mara mbili ya hapo. Kinachobadilika ni usahihi: mnara ukiinama kidogo tangi la plastiki halijali, ila kioo kikikalia mahali pasipo sawa hupasuka. Kwa hiyo pima maji isitoke mkononi, na kipande chembamba cha sponji gumu kitandikwe chini ya kioo. Hesabu nyingine ni ya umeme kukatika. Pampu ikizimika, maji ya juu huendelea kushuka hadi yafike usawa wa tundu. Yakishuka sentimita tatu katika tangi hilo, ni lita 18, bila kuhesabu yaliyo ndani ya bomba. Sampu iliyojazwa hadi juu itazimwaga sakafuni. Iliyoachiwa nafasi itazipokea kimya kimya. Mtambo wa kuagizwa hufanya kazi hiyo hiyo, lakini siku unapoharibika husubiri kipuri kutoka mbali, na samaki hawasubiri. Kilichojengwa kwa silikoni, bomba la dukani na chuma cha mtaani hurekebishwa siku hiyo hiyo.

Na umeme wenyewe? Pampu ya wati 40 ikifanya kazi saa 24 haimalizi yuniti moja. Betri na paneli ndogo ya sola vinaweza kuibeba usiku wa giza. Pingamizi zito zaidi ni la vipaumbele: mji wenye shule zenye upungufu wa madawati ufuge samaki wa mapambo? Ningekubaliana nalo kama tangi lingekuwa pambo. Lakini mzunguko ule ule wa amonia ndio unaoua vifaranga vya sato katika matangi ya kuzalishia, na kijana aliyeujifunza kwa kuupima kila siku katika chuo cha uvuvi cha Nyegezi atamfaa mfugaji kuliko aliyeukariri. Aidha, wanafunzi wa sekondari wanaofundishwa uzito, msukumo wa maji na upumuaji wa samaki wangeviona vyote mahali pamoja.

Wataalamu wana hofu yao, nayo ni ya haki. Furu wachache wanaozaana wao kwa wao vizazi vingi hudhoofika, na aina mbili zikichanganywa kwenye tangi moja huzaa machotara. Wapo pia watakaosema tangi litatupa kisingizio cha kuacha mito iendelee kumwaga maji machafu ziwani. Machotara wanazuilika kwa nidhamu: tangi moja, aina moja, kutoka kisiwa kimoja, na daftari la kila kizazi, na asirudishwe ziwani hata samaki mmoja bila idhini ya watafiti. Kuhusu kisingizio, Kihansi inajibu upande wa pili: chura alirudi kwa sababu bonde lilirekebishwa, na madai ya kulirekebisha yalikuwa na nguvu kwa sababu chura alikuwa bado hai mahali fulani.

Mahali pa kuanzia pako wazi. Kisiwa cha Saanane kilifunguliwa mwaka 1964 kama bustani ya wanyama na sasa ni hifadhi ya taifa. Mgeni huvuka kwa boti juu ya maji yenye furu na anaweza kurudi bila kumwona hata mmoja. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi inaweza kutambua aina na kusimamia vibali, wanachuo wa uvuvi wakashika zamu za kupima maji, mafundi wakajenga. Kazi isianze kwa jengo kubwa na jiwe la msingi. Lianze tangi moja lenye furu wa Mwalimu, sampu yake ikiwa wazi ili wageni waione ikifanya kazi, na la pili lisijengwe mpaka la kwanza limalize mwaka mzima bila kuyumba.