Amana Iliyozama Katika Tui



Jumamosi iliyopita tulikuwa jikoni tukichuja tui. Simu tulikuwa tumeiegemeza kwenye kopo la chumvi ili tusikilize darsa huku mikono ikifanya kazi. Ikateleza, ikatumbukia ndani ya bakuli. Tuliitoa kwa haraka, na kwa haraka hiyo hiyo tukazidi kuiharibu: tukaiwasha tuone kama ingali hai, tukaitia chaji, kisha tukaizika ndani ya mchele kama tulivyozoea kusikia.

Fundi alipoifungua alitikisa kichwa. Alitueleza kwamba simu iliyolowa huharibiwa zaidi na umeme unaopita ndani yake kabla haijakauka, na kutu inayofuatia. Mchele hauyafikii maji yaliyojificha ndani; aghalabu huongeza vumbi lake tu. Ilitupasa kuizima papo hapo, kuchomoa laini, kuipangusa na kuiacha penye upepo, mbali na moto na jua, hadi imfikie yeye.

Basi tukairudia simu yetu ya zamani ya vibonyezo, ile mulika mwizi iliyokuwa imelala kabatini. Maisha hayakusimama. Salamu zilifika, chaji ilidumu siku kadhaa, na M-Pesa ilifanya kazi bila taabu, kwani huduma hiyo ilipoanza mwaka 2007 simu za aina hiyo ndizo zilizokuwa mikononi mwa wengi.

Lililotuuma ni jingine. Sisi ndio tunaowawekea akina mama wa mtaa wetu akiba yao ya Idi. Wanaotuma kwa M-Pesa, hesabu zao zinapatikana. Lakini wengi hutupa mkononi, nasi tulikuwa tukiandika ndani ya simu tu. Daftari tulikwisha kuliacha, tukaliona la kizamani.

Siku ya pili akaja bibi mmoja mjane kuuliza hesabu yake. Tukamjibu kwa kukumbuka: shilingi 2,500. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, “Mwanangu, ni 3,000.” Akafungua fundo la leso yake, akatoa kipande cha karatasi chenye vistari sita vya penseli, kila kimoja ni shilingi 500. Bibi huyo hakupata kusoma skuli. Mjukuu wake ndiye aliyeandika tarehe kando ya kila kistari. Tulipoitazama tarehe ya mwisho tukaikumbuka siku yenyewe: alikuja na mvua, akatukabidhi noti iliyolowa.

Tuliona haya. Lau si karatasi ile, tungalimdhulumu mjane huku tukijiona waaminifu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandikiana deni, liwe dogo au kubwa. Tumeisoma mara nyingi, lakini hatukuwahi kuiona ikiingia jikoni kwetu.

Tumenunua daftari. Tumepita nyumba kwa nyumba, kila mama akataja alichoweka, nasi tukaandika mbele yake na kumwachia nakala. Palipokuwa na tofauti, tumekubali hesabu ya mwenye mali na kujaza pengo kutoka mfukoni mwetu. Ni afadhali tupungukiwe sisi hapa duniani kuliko kudaiwa kesho akhera.

Dada zetu, huenda nanyi mmeshika fedha za chama, deni la dukani au amana ya jirani, na kumbukumbu yake haipo popote ila ndani ya simu. Iandikeni leo kabla ya Magharibi, na ajulishwe mtu mmoja wa nyumbani lilipo daftari, kwa maana hata sisi wenyewe hatujui siku yetu.

Simu nyingine tutanunua, inshaallah, tukijaaliwa. Daftari halirudi kabatini.

Wabillahi tawfiq.