Setilaiti haijui Namanga
Agosti 4, 2010, roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa na setilaiti mbili: Nilesat 201 ya Misri, ya matangazo ya televisheni, na RASCOM-QAF1R ya mataifa ya Afrika. Hii ya pili ilirithi nafasi ya ile ya 2007, iliyovuja gesi ya heliamu na kufupishiwa maisha.

Kutoka kilomita 36,000 hivi juu, mawimbi hayaombi pasipoti. Leseni za televisheni ya kulipia, lakini, hutolewa nchi kwa nchi, na anayelala Arusha akauza Nairobi hujikuta na ving'amuzi viwili. Dishi ni lilelile! Mamlaka zetu za mawasiliano zikae meza moja, malipo ya upande mmoja yatambuliwe upande wa pili.