Haki ya Gurudumu Kongwe Mbele ya Gia za Umeme

Imeenea miongoni mwa waendesha baiskeli za mashindano imani kwamba mtu akishanunua gia za umeme, yaani gia ambazo mnyororo wake huhamishwa na mota ndogo inayoamrishwa kwa kifungo badala ya kuvutwa kwa waya wa chuma, hana budi kuyaacha magurudumu aliyokuwa nayo na kutafuta mengine yaliyotoka kiwandani pamoja na gia hizo. Imani hiyo huenezwa na wauzaji, hupokewa na wanunuzi bila ya kuhojiwa, na matokeo yake ni kwamba magurudumu mazuri, yaliyosukwa na mafundi hodari na ambayo yangeweza kuhimili barabara kwa miaka mingi zaidi, hutundikwa ukutani au huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Mimi naipinga. Rai yangu ni kwamba gurudumu kongwe, likiwa zima na likikaguliwa kwa insafu, lina haki kamili ya kuzunguka pamoja na gia mpya kabisa, na kwamba aghalabu kinachozuia ni milimita chache tu za habu, yaani kitovu cha gurudumu, milimita ambazo watengenezaji wana uwezo, na kwa maoni yangu wana wajibu, wa kuziachia njia.

Gia za umeme si jambo la jana. Kampuni ya Mavic ya Ufaransa ilizijaribu mapema katika miaka ya 1990 kwa mtambo wake ulioitwa Zap, ikarudi tena mwaka 1999 kwa mtambo wa pili ulioitwa Mektronic, na yote miwili haikudumu sokoni. Shimano wa Japani walipotoa Dura-Ace Di2 mwaka 2009 ndipo zilipoanza kuaminiwa na wakimbiaji wa daraja la juu. Campagnolo wa Italia wakafuata mwaka 2011 kwa EPS, na mwaka 2015 SRAM wa Marekani wakatoa eTap, isiyokuwa na waya hata mmoja baina ya usukani na diraila, maana kila diraila imebeba betri yake yenyewe. Ukiichunguza mitambo hiyo mitatu iliyoshika soko, hutaona katika yoyote kati yao waya, betri, wala kifaa chochote kilichotiwa ndani ya gurudumu la nyuma. Umeme wote unaishia kwenye diraila.

Diraila hiyo, kile kidude kinachoning'inia chini ya habu na kuusukuma mnyororo kutoka sproketi moja hadi nyingine, imefundishwa na watengenezaji wake jambo moja tu: umbali wa kwenda kila kifungo kinapobonyezwa. Katika kaseti, yaani fungu zima la sproketi, ya Shimano ya gia 10, kutoka sproketi moja hadi ya pili pana milimita 3.95, na katika kaseti ya gia 11 nafasi hiyo ni ndogo zaidi. Mota huhesabu hatua zake kwa vipimo hivyo, wala haina njia ya kujua kama kaseti imevikwa kwenye gurudumu la mwaka huu au la miaka kumi na mitano iliyopita. Maadamu kaseti ina idadi ya gia ambayo mtambo umeitambua, na imekaa imara mahali pake, kazi hufanyika. Sharti hilo la idadi nalisisitiza, kwa sababu wako wanaodhani kwamba kaseti yao ya gia 10 itakubali diraila iliyotengenezwa kwa gia 11, kisha wanashangaa mnyororo unapotapatapa katikati. Gurudumu linaweza kuwa la zamani. Kaseti haina ruhusa hiyo.

Tena hapa umeme unaleta fadhila ambayo wachache huizungumza. Habu mbili za watengenezaji wawili, au hata za mtengenezaji mmoja, mara nyingi hutofautiana kidogo sana mahali kaseti inapokaa, tofauti ya sehemu ndogo ya milimita, na zama za waya ilimlazimu fundi kushika kirekebishi na kukizungusha nukta kwa nukta kila gurudumu lilipobadilishwa. Kwa gia za umeme mwendeshaji huingia katika hali ya kurekebisha, akabonyeza kifungo kilekile cha kupandisha au kushusha gia, na diraila ikasogea ndani au nje kwa hatua ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, bali sikio huzisikia: ule mkwaruzo wa mnyororo ukilamba sproketi ya jirani hupungua, hupungua tena, kisha hukoma. Kwa hiyo gurudumu kongwe hupokelewa kwa urahisi zaidi na mtambo wa umeme kuliko lilivyopokelewa na mtambo wa waya, na anayesema kinyume cha hayo hajapata kukaa karibu na meza ya fundi.

Kizuizi cha kweli kiko kwingine, nacho nitakieleza kwa kituo kwa kuwa ndicho kinachochanganya watu. Upande wa kulia wa habu ya nyuma kuna bomba fupi lenye mifuo, na juu ya bomba hilo sproketi huvikwa moja baada ya nyingine, kisha zikabanwa kwa nati yenye maandishi ya kuonyesha nguvu ya kukazia. Kwa miaka mingi bomba la Shimano lilipokea kaseti za gia 8, 9 na 10 bila ya ugomvi. Ilipofika mwaka 2012, zilipoingia gia 11 za barabarani, bomba hilo likarefushwa kwa milimita 1.85. Leta gurudumu la zama za gia 10, livike kaseti ya barabarani ya gia 11, utaona sproketi zinaingia vizuri hadi ya mwisho, ile ndogo kuliko zote, ambayo inabaki ikielea nje ya mifuo, na nati ukiizungusha haipati pa kushika. Hicho ndicho kisa kizima cha gurudumu lisilofaa: unene wa sarafu moja hivi ya chuma.

Na kisa hicho kina dawa zaidi ya moja. Shimano wenyewe wametoa kaseti ya gia 11 yenye meno 11 hadi 34 inayovikwa kwenye bomba la zamani bila ya kuongezwa wala kupunguzwa kitu, kwa sababu sproketi yake kubwa ni pana kiasi cha kuweza kujitokeza kuelekea spoku, ambazo huko juu zimekwisha kuinama na kuacha nafasi, bila ya kuzigusa. Mwenye kuitumia ahakikishe tu kwamba diraila yake ni ile yenye mkono mrefu. Magurudumu ya Mavic yenye bomba waliloliita M10 yalikuwa tangu mwanzo na urefu wa ziada uliojazwa kwa washa, hata gia 11 zilipokuja mwenye nalo aliitoa washa hiyo na mambo yakawa sawa. Na habu nyingi za watengenezaji makini zimeundwa ili bomba liweze kuchomolewa na kuvikwa jingine, kazi ambayo kwa baadhi yake haihitaji hata spana. Bomba likiwa refu zaidi ya la kwanza, gurudumu litahitaji kusawazishwa upya ili ringi ikae katikati ya fremu, na spoku za upande wa kulia zitasimama wima zaidi na kukazwa zaidi kuliko za kushoto, jambo linalopunguza kidogo uimara wake. Kwa hiyo kazi hiyo apewe fundi anayejua kupima mkazo wa spoku, si anayekisia.

Nani basi wa kulaumiwa? Insafu inanitaka niseme kwamba si kila badiliko limefanywa kwa tamaa. SRAM walipotaka sproketi ndogo yenye meno 10, ilikuwa muhali kuipitisha juu ya bomba la Shimano, kwani bomba lenyewe ni nene kuliko nafasi iliyomo ndani ya sproketi ya udogo huo. Wakalazimika kubuni bomba jingine, XD kwa baiskeli za milimani na baadaye XDR kwa za barabarani, na gia zao za umeme za daraja la juu zilizotoka mwaka 2019 zikaja na kaseti za bomba hilo. Sababu yao naiheshimu. Shimano nao, walipofika gia 12 mwaka 2021, walibuni bomba lenye mifuo mingi zaidi, lakini kaseti zao mpya wakazifanya ziingie pia kwenye bomba la gia 11, na kwa tendo hilo wakayaokoa magurudumu yote yaliyotengenezwa tangu 2012. Nawasifu kwa hilo, ingawa bomba lao jipya, kwa upande wa pili, linaikataa kaseti ya gia 11, na sijapata kuisikia hujja ya kuniridhisha kwa nini mlango umefunguliwa upande mmoja na kufungwa wa pili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Campagnolo. Bomba lao la zama za gia 9 lilipokea gia 10, likapokea 11, likapokea hata 12, mifuo ikiwa ileile, hata mtu aliyesukiwa gurudumu mwishoni mwa miaka ya 1990 aliweza kulitumia na gia za umeme za EPS bila ya kubadilisha habu. Na walipolazimika kulifupisha bomba hilo kwa milimita 4.4 mwaka 2020, ili sproketi ndogo zaidi zipate kukaa, walitoa pamoja nalo pete ya kulirejesha urefu wake, ili kaseti za zamani zisiachwe nje. Pete moja tu ya chuma! Aliyeifikiria pete hiyo alimfikiria pia mteja wa zamani, ambaye fedha zake ndizo zilizokijenga kiwanda, na sioni kwa nini adabu hiyo isiwe kanuni kwa wote.

Kuna mahali ambapo gurudumu kongwe hushindwa kwa haki, nami sitawaficha wasomaji. Fremu nyingi mpya zimeundwa kwa breki za diski na ekseli nene inayopenya tangu upande mmoja hadi wa pili, na gurudumu lililotengenezwa kwa breki za kubana ringi halina pa kufungia diski. Hapo hakuna washa wala pete itakayosaidia. Watengenezaji wanajua hivyo, na mwelekeo wao uko wazi: Dura-Ace na Ultegra za umeme za gia 12 za Shimano zilitolewa pia kwa wenye breki za ringi, lakini 105 ya umeme iliyofuata mwaka 2022, ambayo ndiyo ya bei nafuu kidogo, ilikuja kwa breki za diski peke yake. Yaani mwenye fedha nyingi aliachiwa hiari ya kubaki na magurudumu yake, na mwenye fedha chache akanyimwa. Mpango huo naukataa waziwazi, kwa kuwa umegeuza chini juu utaratibu ambao busara ingeuagiza.

Na gurudumu lenyewe likaguliwe kabla ya kuaminiwa. Breki za ringi hula ukuta wa ringi kila zinapobana, hasa katika matope na mvua, na ukuta uliokonda unaweza kupasuka kwa msukumo wa tairi mtu akiwa katika mteremko. Weka ukingo wa rula juu ya ukuta huo: ukiona mwanga unapita katikati kwa sababu chuma kimebonyea kama mgongo wa kijiko, au ukiona kitundu au mfuo wa alama uliowekwa na kiwanda umefutika, gurudumu hilo limemaliza kazi, hata kama habu yake inazunguka kimya. Vilevile zitazame spoku penye kona zake karibu na habu, na mifuo ya bomba, ambayo ikiwa ya alumini hung'atwa na sproketi hata kaseti ikawa ngumu kutoka. Hayo yote ni mambo ya macho na vidole, si ya mwaka wa kutengenezwa.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Septemba 2025 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara letu, na vijana wa Rwanda, Kenya, Uganda na Tanzania waliyaona kwa macho yao magurudumu yanayotumiwa na mabingwa. Lakini magurudumu ambayo vijana hao huyapata kwa kawaida ni yale yaliyokwisha kutumika Ulaya, yaliyonunuliwa kwa bei ya mkono wa pili au yaliyotolewa kwa ukarimu wa wageni, na aghalabu ni ya gia 10 au 11. Kijana akijaliwa kupata gia za umeme zilizotumika, akaambiwa dukani kwamba hazitamfaa mpaka anunue na magurudumu mapya, ameambiwa kwa lugha nyingine kwamba mchezo huu si wake. Aulize kwanza bomba lake la kaseti ni la aina gani, na ampelekee gurudumu fundi mwenye kipimo cha milimita, kabla ya kukopa fedha.

Kwa watengenezaji nina madai mawili, na yote yamo katika uwezo wao. Kwanza, kila kaseti iuzwe na maandishi bayana juu ya boksi lake yanayotaja mabomba yote inayoweza kuvikwa, ya zamani kwa mapya, kwa vipimo na si kwa majina ya biashara tu, maana hivi leo maelezo hayo yametawanyika katika vitabu vya mafundi ambavyo mnunuzi wa kawaida havimfikii. Pili, mabomba ya kubadilishia yaendelee kutengenezwa na kuuzwa peke yake kwa muda usiopungua ule ambao ringi na spoku za habu hiyo zinaweza kuishi, kwa sababu habu nyingi nzuri hufa zikiwa na gololi zake safi na ekseli yake nyoofu, kwa kukosa kipande kimoja kinachotoshea kiganjani.