Masaa 24 ya Jack Bauer na masaa 24 ya Katiba

 

Leo siongei kesi wala maandamano. Naongea muvi. Zile tamthilia ndefu za Kizungu ambazo sisi sote tumezitazama, wengine kwa intaneti, wengine kwa kujaziwa flashi pale duka la muvi msimu mzima. Najua kuna mtu ashasema moyoni, "huyu leo hana la kuandika." Subira. Soma mpaka mwisho halafu unitukane.

Mimi nimelelewa na 24. Kaka zangu walikuwa wakileta zile DVD za kukodi, tunabanana sebuleni baada ya Isha, mama anapiga kelele tulale. Kwa ambao hawakuipata: ilianza Marekani Novemba 2001, miezi miwili tu baada ya Septemba 11. Steringi ni Jack Bauer, anayeigizwa na Kiefer Sutherland. Msimu mmoja ni siku moja, sehemu 24, kila sehemu ni saa moja, na ile saa inahesabu mbele ya macho yako. Kuna bomu mahali. Kuna adui amekamatwa na hataki kusema. Muda unaisha. Jack anafunga mlango, anamshughulikia. Adui anasema.

Na sisi sebuleni tunafanya nini? "Mpe! Mpe huyo! Mvunje!" Waislamu watupu, miguu bado ina maji ya udhu, tunamshangilia askari anayemtesa mtu mwenye jina kama la mjomba wetu.

Niliifikiria hii miaka mingi baadaye. Kwa nini tulikuwa upande wa Jack bila hata kujiuliza? Jibu ni rahisi. Kwa sababu tulikuwa TUMEONYESHWA. Kamera ilishatupeleka nyumbani kwa adui, ikatuonyesha simu aliyopiga na bomu alilolificha. Sisi watazamaji tulikuwa ndio mashahidi, tena mashahidi wasioweza kukosea, maanake aliyeandika hadithi ndiye aliyeamua nani mkosa. Kwa hivyo wakili anapotokea kwenye 24 ni kero. Jaji ni kero. Sheria ni kitu kinachomchelewesha Jack.

Tena waandishi wenyewe walijua Jack na wenzake wanaweza kukosea. Msimu wa nne kuna mfanyakazi wao, Sarah, anasingiziwa kuwa msaliti. Wanamtesa wenyewe pale ofisini. Kumbe hana kosa lolote. Unajua kinachofuata? Siku hiyo hiyo anarudi kwenye meza yake kufanya kazi! Hakuna kesi, hakuna kulia usiku, hakuna mama yake aliyemsubiri mlangoni. Hadithi imesonga mbele. Hivyo ndivyo uchungu wa asiye na hatia unavyohesabiwa kwenye tamthilia: dakika chache, basi.

Msimu huo huo, 2005, ndio ulikuwa na familia ya Araz. Baba, mama na kijana wao, wanaishi mtaa mzuri Los Angeles, wanakunywa chai asubuhi kama nyinyi na mimi. Halafu unagundua kwamba meza nzima ni ya magaidi. Waislamu wa Marekani walilalamika, na televisheni iliyokuwa ikiirusha ikamweka Kiefer Sutherland mbele ya kamera awaambie watazamaji kwamba Waislamu wa Marekani wanapinga ugaidi kama raia wenzao. Vizuri. Lakini hebu pima mwenyewe: tangazo fupi upande huu, msimu mzima upande ule. Mtu atakumbuka lipi akikutana na jirani yake Muislamu kwenye ngazi?

Sasa najua jibu lenu. "Ah, ni muvi tu hiyo!"

Ni muvi tu? Novemba 2006, mkuu wa masomo wa chuo cha kijeshi cha West Point, Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, alifunga safari mpaka California kuonana na watayarishaji wa 24. Alienda na watu waliowahi kuhoji washukiwa kwa kazi yao halisi. Alichowaambia ni kwamba wale wanajeshi vijana wanaofundishwa pale chuoni wanaitazama tamthilia hii na wanaanza kuamini kwamba kutesa ni sawa na kunaleta matokeo. Huyo si sheikh. Si mwanaharakati wa Mombasa. Ni jenerali wa Marekani, analalamikia televisheni ya Marekani. Kama muvi inaweza kumbadilisha kichwa mwanajeshi anayesomeshwa sheria za vita, itakuacha wewe na mimi?

Baada ya 24 ikaja Homeland, 2011 mpaka 2020, misimu minane. Hii nakubali ilikuwa na akili zaidi. Brody, mwanajeshi wa Marekani aliyekuwa mateka, anarudi kwao. Tunakuja kujua kwamba kule alimpenda mtoto mdogo, Issa, na Issa akauawa na ndege isiyo na rubani ya Marekani pamoja na watoto wenzake. Ile sehemu ilinitoa machozi, sitaficha. Mara ya kwanza niliona tamthilia yao ikikubali kwamba hata upande huu kuna mtoto.

Lakini kumbuka pale Brody anapoingia kwenye gereji yake, anatandika mkeka, anaswali. Kumbuka ulivyojisikia. Mwili ulikusisimka, si ndio? Mtu anamsujudia Mola wake na wewe Muislamu unaogopa! Maanake hadithi imekufundisha kwamba sijda ile ni dalili. Na kweli, mwisho wa msimu wa kwanza Brody amevaa fulana ya mabomu. Kwa hivyo uliyemshuku kwa kuswali, ulikuwa sawa. Msimu wa pili mkewe anaukuta Msahafu, anautupa chini kwa hasira, na tunaletewa kama vile ni hasira ya mke yeyote aliyefichwa jambo.

Na kuna kisa kimoja cha Homeland nakipenda sana. Mwaka 2015 walikuwa wanapiga msimu wa tano huko Berlin, wakatengeneza kambi ya wakimbizi wa Syria. Wakaajiri wasanii waandike maandishi ya Kiarabu ukutani ili ionekane kambi kweli. Wasanii wakaandika, "Homeland ni ya kibaguzi." Wakaandika mengine ya kuikejeli tamthilia yenyewe. Hakuna aliyewauliza wameandika nini. Ikarushwa hivyo hivyo, sehemu ya pili, dunia nzima ikaona! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka. Misimu mitano wanatuhadithia sisi, na siku hiyo pale hakuna hata mmoja aliyesimama kutusoma. Kwao Kiarabu kilikuwa ni rangi ya ukuta.

Iliyoniuma kuliko zote ni Bodyguard ya BBC, 2018. Sehemu sita tu. Inaanza ndani ya treni. Nadia, msichana wa hijabu, yuko chooni na mabomu mwilini, anatetemeka, anaonekana amelazimishwa na mumewe. Askari David Budd anaongea naye taratibu mpaka wanaokolewa. Ukimtazama unamuonea huruma. Unasema Alhamdulillah, leo wametuletea binadamu. Sehemu ya mwisho sasa: kumbe Nadia ndiye fundi wa mabomu mwenyewe, na anajivunia. Waliotunga wanaweza kusema wamemtoa mwanamke wa Kiislamu kwenye unyonge. Mimi naona wametuachia chaguo mbili: awe mnyonge au awe muuaji. Na mafunzo yenyewe ni makali kuliko ya Jack Bauer. Jack alisema mpige aliye adui. Hii inasema hata uliyemhurumia ni adui, kwa hivyo acha kuhurumia.

Mtanielewa vibaya hapa, basi niseme wazi. Hatuombi tuigizwe kama malaika. Sisi Kenya tunaujua ugaidi, hatukuhadithiwa. Westgate tunaijua. Garissa tunaijua, wanafunzi waliouawa 2015 walikuwa watoto wetu. Anayetaka kuandika gaidi anayejiita Muislamu aandike, wapo. Ninachouliza ni kwa nini ndiye peke yake anayepata misimu minane. Yule aliyekataa yuko wapi? Disemba 2015, basi lilivamiwa kule Mandera, abiria Waislamu wakakataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile na akafariki Januari 2016 kwa majeraha. Kisa hicho kilifanyiwa filamu, Watu Wote, ikafika mpaka kuteuliwa kuwania Oscar 2018. Ni filamu fupi, haifiki hata nusu saa. Mwalimu Salah nusu saa, Abu Nazir wa Homeland sehemu baada ya sehemu.

Na inawezekana kuandika vingine. Ramy, ya 2019, ni kijana wa Kimisri huko New Jersey anayeswali na anayekosea. Kuna sehemu wallahi nilizima, si za kutazama na mama. Lakini ni mtu. Dhambi zake ni dhambi zake, si mpango wa kulipua mji. Kamala Khan wa Ms. Marvel, 2022, anagombana na wazazi wake kuhusu kutoka usiku kama msichana yeyote wa Majengo. Yeye ndiye steringi. Dunia haikuanguka.

Sasa nifike pale nilipokuwa naelekea.

Miaka kadhaa nyuma mtaani kwetu kijana alichukuliwa. Alfajiri, gari halina namba, watu hawakujitambulisha. Nilikuwa bado sijaingia kwenye kazi hii. Habari iliponifikia, unajua fikira ya kwanza iliyonijia kichwani? "Lazima kuna kitu alifanya." Namjua tangu tukicheza mpira pamoja. Sikuwa na ushahidi hata chembe. Lakini kichwa changu kilikuwa kishapiga picha yote, simu za siri, chumba cha giza, bomu mahali. Picha hiyo niliitoa wapi? Mtaani kwetu haijawahi kuwepo. Niliitoa kwenye flashi.

Barazani ilikuwa hivyo hivyo. "Hawa hawamchukui mtu bure." "Wanajua wanachokijua." Siku kumi na moja hakuna aliyejua yuko wapi. Hakuna aliyeenda kukaa na mamake, watu walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara. Akaachiliwa usiku, hakushtakiwa lolote. Kisa ilikuwa ni jina kufanana. Nilipoenda kumpa pole, mamake alinitazama kwa muda akaniambia maneno matatu tu: "Mwanangu, hata wewe?"

Sina jibu la kumpa mpaka leo. Haya ninayoandika ndio kujaribu.

Kwa sababu mtaani hakuna kamera iliyotutangulia ndani ya nyumba. Hakuna mwandishi aliyeamua nani mkosa. Kuna mtu, kuna tuhuma, na lazima kuwe na mtu wa tatu wa kupima. Huyo anaitwa mahakama. Jack Bauer ana masaa 24 ya kufanya anachotaka. Katiba yetu nayo ina masaa 24, ila ni ya kumlinda aliyekamatwa: Kifungu cha 49 kinasema afikishwe kortini haraka iwezekanavyo na isizidi masaa 24, au siku ya kwanza ya korti ikiwa muda umeangukia nje ya saa za korti. Wakitaka kukaa naye zaidi wakaombe kwa jaji au hakimu, mchana kweupe. Kifungu cha 25 kinasema haki ya kutoteswa haipunguzwi na sababu yoyote. Yoyote! Hata saa ikihesabu. Kifungu cha 50 kinasema hana hatia mpaka ithibitishwe. Walioandika hayo wanaijua historia yetu. Na 2014, maelfu waliposombwa Eastleigh wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa, tuliona nchi inavyokuwa vifungu hivi vikisahauliwa.

Kwa hivyo endeleeni kutazama, sijasema mzime. Mimi mwenyewe natazama. Lakini ukijiona unapiga kelele "mpe huyo," jiulize: nimejuaje kwamba ni yeye? Waulize na wadogo zako mliokaa nao. Hilo swali moja linatosha kuharibu ule uchawi.

Na siku gari lisilo na namba likija mtaani kwenu, usiwe mtazamaji. Andika saa. Andika rangi ya gari na limeelekea wapi. Nenda kituo cha polisi na familia, usiondoke bila namba ya OB. Tafuta wakili kabla masaa 24 hayajaisha. Na kabla ya hayo yote, vuka barabara ukakae na mama yake.

Usimwambie "lazima kuna kitu." Mwambie "tuko na wewe," halafu kaa.

Wassalaam.